Kujua Kuacha

Mwaka 1984 huko Marekani, Michael Larson wa Ohio, dereva wa gari la aiskrimu, aliingia katika mchezo wa televisheni wa Press Your Luck. Taa zilirukaruka ubaoni. Ukibonyeza kitufe zinasimama kwenye fedha, au kwenye kikatuni kinachokunyang'anya zote. Watu waliamini ni bahati tu. Larson alikuwa amerekodi vipindi nyumbani, akavitazama mpaka akagundua kwamba taa zinafuata mipangilio 5 tu. Akaikariri. Aliondoka na dola 110,237.

Je, alidanganya? Kampuni ya CBS haikuona kanuni aliyoivunja, ikamlipa. Nasi tunakubali. Hakuiba jibu wala hakumhonga mtu. Aliona kilichokuwa wazi mbele ya kila mtazamaji.

Swali letu ni jingine. Pale ubaoni, alipovuka dola 100,000, aliacha, akampa mwenzake zamu zilizobaki. Nyumbani hakuacha. Redio iliahidi zawadi kwa atakayeleta noti yenye namba fulani, naye akatoa benki maelfu ya noti za dola moja ili azikague moja moja. Wezi wakavunja nyumba, wakachukua kiasi cha dola 50,000.

Sisi tuliokuja huku kutafuta tunawafundisha watoto wetu kupata, na ni vyema. Lakini wanatuona pia tukihesabu kila siku tunachokosa. Siku wakituuliza kiasi gani kinatosha, tuwe na la kuwajibu.