Mizizi ya Munkoyo na Amri ya Bankambo

Usitie mizizi wakati uji unachemka; ngoja upoe. Amri hiyo anaijua kila binti wa Katanga aliyefundishwa kutengeneza munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi, na mjini Lubumbashi inaendelea kutolewa uani, mama kwa mtoto, bila sababu yoyote kutajwa. Bankambo, wazee wetu wa kale, walituachia utaratibu. Kutafuta sababu wakatuachia sisi.

Na sababu ipo. Unga wa mahindi umejaa wanga, na wanga ni sukari nyingi zilizotungwa pamoja kama shanga katika uzi mrefu. Mizizi ya munkoyo, inayotoka kwa mimea ya jamii za Eminia, Rhynchosia na Vigna, ina vimeng'enya vinavyoukata uzi huo. Uji mzito hulegea ukawa mwepesi, na utamu hutokea pasipo mtu kutia sukari. Lakini kimeng'enya ni protini, na moto mkali hukiharibu kabla hakijaanza kazi. Baadaye uji huchujwa na kulazwa. Bakteria wa asidi ya laktiki huutia ukali, chachu nazo hugeuza sehemu ya sukari kuwa pombe. Ndiyo maana munkoyo changa hupewa watoto, na iliyokaa siku kadhaa huachiwa wakubwa.

Mwaka 1833, Wafaransa Payen na Persoz walitoa kimeng'enya cha kazi hiyohiyo katika shayiri iliyooteshwa, na vitabu vinawataja kwa haki. Mama wa pori la miombo naye alijua mmea upi, mzizi upi na wakati upi. Sikubali kuita hayo bahati.

Sayansi ilipomfuata ilimkuta amesimama imara. Mwaka 1992, Pauwels, Mulkay, Ngoy na Delaude waliandika juu ya mimea hiyo na vimeng'enya vyake. François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikusanya vyakula vya miombo katika kitabu kilichotoka mwaka 1997. Mwaka 2012, Foma na wenzake wakachapisha uchunguzi wa jinsi munkoyo ya Kongo inavyochacha yenyewe. Hizo ni kazi za subira, na mtu anaweza kuzitolea umri wake wote bila kujuta.

Ila kuna mahali ambapo amri kama hii si suala la ladha. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ukirowekwa siku tatu, nyama yake hulainika, kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinakutana na kile kinachobeba sumu na kukivunja, na sianidi huondoka. Kule Bandundu, barabara ya lami ilipofungua soko la Kinshasa, muhogo ulianza kuuzwa kwa wingi na siku za kuroweka zikapunguzwa. Mtafiti wetu Banea Mayambu, pamoja na Tylleskär na Rosling, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba njia hiyo ya mkato ilihusika na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, na miguu hairudi ilivyokuwa. Walioumia zaidi ni watoto na akina mama. Hakuna aliyewaambia kwamba zile siku tatu zilikuwa dawa. Waliziona kama uchelewaji tu. Hapo ndipo ninapouona mzigo wa mwanasayansi: amri isiyo na sababu huvunjwa siku ile fedha inapoingia mlangoni.

Kwetu hatari iko pembeni ya mji. Mizizi ya munkoyo huchimbwa porini, na pori linalozunguka Lubumbashi linakatwa kwa ajili ya makaa na mashamba. Mama hawezi kufundisha mmea asioweza tena kuuonyesha.

Kwa hiyo kijana anayeingia maabara hapa mjini namwomba mambo mawili. Kwanza aoteshe mimea hiyo mashambani, ajue inahitaji udongo gani na miaka mingapi kabla ya kuchimbwa. Pili, yule mama aliyempeleka porini akamwonyesha mzizi, kama akiridhia, aandikwe kwa jina lake katika ukurasa wa kwanza wa tasnifu, juu ya jina la profesa.