Ahadi Isiyo na Askari

Tuseme, ndugu msomaji, kijana wa Lokandu amerudi likizo kutoka chuo kikuu. Jioni wazee wameketi karibu na mto Lualaba, nao wanamwuliza: «Mwanetu, unajifunza nini huko?» Anajibu: «Najifunza jinsi mataifa yanavyopatana kuhusu hali ya hewa.» Mzee mmoja anacheka: «Na wakivunja mapatano, nani atawafunga?» Kijana ananyamaza.

Swali hilo si mchezo. Mwaka 2015, huko Paris, karibu mataifa yote yalipatana kuzuia joto la dunia lisipande hata digrii 2, na kujitahidi lisipite 1.5. Kila serikali ilijiandikia yenyewe sehemu ya kazi yake. Lakini mapatano yale hayana askari wala gereza. Marekani ilijitoa mwaka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 rais wake akaagiza itoke tena. Hakuna aliyeizuia. Tena mwaka 2009 mataifa tajiri yaliahidi kwamba kufika 2020 yatatoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya nchi maskini. Kwa hesabu yao wenyewe, kiasi hicho kilitimia 2022.

Basi wengine husema: «Wenye viwanda hawashiki neno. Sisi watu wa Maniema tutunze msitu kwa nini? Kosa si letu.» Ni kweli, moshi wetu ni mdogo sana kuliko wao, na haki yataka mkosaji alipe kwanza. Lakini je, jirani akivunja neno lake, neno langu nalo limevunjika? Hasha! Mwaka 2021, huko Glasgow, Kongo ilitia sahihi mapatano ya kulinda msitu, ikaahidiwa dola milioni 500. Julai 2022 serikali yetu ikatangaza mnada wa maeneo ya mafuta, mengine yakiwa ndani ya msitu huo huo. Mnada ulifutwa mwaka 2024, na mwaka uliofuata maeneo yakafunguliwa tena. Kumbe, tunaonyesha wengine kwa kidole, nasi tunayo hesabu yetu.

Hapo ndipo tunaona kazi ya kijana yule. Kijijini, deni lisilo na shahidi hufa upesi. Mwenye kukumbuka siku, kiasi na maneno yaliyosemwa, huyo hulifanya liishi. Lakini shahidi akipendelea ndugu zake, au akinyamaza ili apate cheo, ushahidi wake haufai kitu. Mizani yake iwe moja kwa tajiri na kwa maskini, kwa mgeni na kwa nchi yake mwenyewe.

Kesho yake kijana anamrudia mzee: «Baba, hakuna wa kuwafunga. Lakini yuko wa kuwakumbusha.»

Mzee anafikiri kidogo, kisha anasema: «Vema, mwanangu. Na sisi pia utukumbushe.»