Kutojua kwa Msimamizi

Mtu apewapo cheo cha kusimamia wenzake hudhaniwa kwamba amekwisha hitimu. Kumbe siku ile ndiyo aanzapo kuhitaji mafunzo zaidi, kwa kuwa kosa la fundi huharibu kazi moja, na kosa la msimamizi huweza kuharibu riziki ya watu.

Mjomba wangu alikuwa seremala katika karakana moja nisiyopenda kuitaja. Asubuhi moja ya mwaka 2011 keekee ilipotea, na kabla ya adhuhuri yeye alikuwa nje ya lango, mfuko wake begani. Hakuulizwa neno. Mnyapara hakuwa mtu mwovu, tena nasikia alimhurumia. Alitenda kama alivyowaona wakubwa wake wakitenda alipokuwa kijana. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, ilikwisha amuru kwamba mtu asiachishwe kazi kwa utovu wa nidhamu kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha aifahamuyo, na kusikilizwa, pamoja na mwenzake amchaguaye kuwa naye. Miaka ilipita, wala hakutokea wa kumketisha mnyapara yule akamfundisha.

Sasa, kijana msomaji, hatia ni ya nani? Wako wasemao kwamba asiyejua hana lawama. Mimi sikubali moja kwa moja. Mtoto akijiunguza kwa kutoujua moto hana lawama; bali dereva wa abiria hawezi kujitetea ya kuwa hakujua alama za barabara, maana aliposhika usukani alishika na roho za watu. Hata hivyo nawalaumu zaidi waliompa mnyapara cheo. Asiyejua kwamba sheria imebadilika ataulizaje habari zake?

Mwaka 1961, uhuru ulipokaribia, Chuo cha Utawala kilianzishwa Kabete kuwaandaa Waafrika kwa kazi za utawala. Lakini aliyefunzwa mwaka ule asingeweza kuijua sheria ya mwaka 2007 pasipo kurudi darasani. Wenye mali hunung'unika kwamba siku za mafunzo ni siku zilizopotea. (Hata sisi walimu hunung'unika vivyo hivyo likizo ikikatwa.)

Keekee ilionekana baada ya wiki mbili, chini ya magunia katika bohari. Mjomba alikuwa amekwisha rudi shamba.