Ujira wa Fundi Asemaye Kweli



Fundi ana wajibu gani kwa mtu asiyeweza kuiona kazi yake? Na mtu huyo naye, ana wajibu gani kwa fundi? Tuyafikiri maswali haya kwa kutazama kitu kidogo, yaani lenzi ya kamera ya zamani.

Siku hizi wengi hupiga picha kwa simu. Hata hivyo kamera za filamu zingalimo katika masanduku ya wazee, na wako vijana wanaozitoa lenzi zake na kuzifunga kwenye kamera mpya kwa pete ya kuunganishia. Tuseme basi mtu wa Sumbawanga amerithi lenzi ya namna hiyo, nayo imeota ukungu ndani. Fundi saa amemwambia kwa haki kwamba hiyo si kazi yake. Imembidi kumpa ndugu anayesafiri aipeleke kwa fundi wa kamera Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, naye amebaki akingoja.

Lenzi ni vioo kadhaa vilivyopangwa ndani ya bomba la chuma. Ukungu huota humo penye unyevu na giza, na ukikaa miaka mingi asidi yake hukila kioo chenyewe. Fundi hodari hufungua pete moja moja, huweka alama ili kila kioo kirudi mahali pake, kisha husafisha taratibu bila kusugua. Vioo vingi vina utando juu yake, ambao njia ya kuupaka ilibuniwa mwaka 1935 na Alexander Smakula wa kampuni ya Carl Zeiss, Ujerumani. Unene wake ni kama sehemu 1 ya 10,000 ya milimita, na kazi yake ni kupunguza mwanga unaorudishwa na kioo. Ukisuguliwa kwa nguvu, kioo kitaonekana safi, kumbe utando umetoka, na picha zitakazopigwa kuelekea jua zitafifia. Mwenye lenzi atalipa, atashukuru, wala hatajua.

Wafipa wa zamani waliijua hali kama hii kabla ya kuona kamera. Walipoyeyusha mawe ya chuma katika malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo mabaki yake yangaliko sehemu kadhaa za uwanda wa Ufipa, kazi haikuishia hapo. Chuma kiliyeyushwa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto, lililoitwa kintengwe, ili takataka zitoke. Mnunuzi wa jembe hakuweza kuona ndani ya chuma. Lakini jembe bovu lingevunjika shambani, na habari zingemrudia mfua chuma kijijini kwake. Fundi aliye mbali hana jirani wa kumsema. Anabaki na dhamiri yake mbele za Mungu.

Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 19, tunakuta katazo la kumwekea kipofu kitu cha kumkwaza, na katika sura hiyohiyo tunaamriwa kuwa na mizani ya haki. Naona makatazo haya yana shina moja. Yote mawili yanamlinda mtu ambaye hawezi kujua kwamba anatendewa vibaya. Na mbele ya lenzi iliyofungwa, sisi sote ni vipofu.

Hata hivyo tusimlaumu fundi peke yake. Fikiri kwamba ameifungua lenzi, amekuta kioo kimekwisha kuliwa, akairudisha na neno hili: "Haitengenezeki, lakini naomba ujira wa kuifungua." Wangapi kati yetu watalipa kwa moyo mweupe? Au fikiri amesema kwamba mkwaruzo ule mdogo hauharibu picha, na kwamba ni heri lenzi iachwe ilivyo. Mara nyingi hilo ni kweli kabisa. Nasi husema, "Hakufanya kitu, nimlipe nini?" Kumbe amefanya kazi ya saa nzima, ametumia ujuzi wa miaka mingi, na ametuepusha na gharama ya bure. Tukimnyima ujira siku anaposema kweli, na kumlipa siku anapotupa kioo kinachong'aa, tunamfundisha kusugua.

Neno hili halihusu kamera tu. Tunampenda mganga asiyetutoa bila dawa, na mhubiri asiyetugusa penye kidonda, tukiwapita wale wanaotuambia yasiyopendeza. Basi, ndugu zangu, fundi akikuambia kwamba kitu chako hakitengenezeki, muulize sababu, mwombe akuonyeshe, na ukiridhika mpe ujira wake bila kunung'unika. Huenda mteja atakayemfuata akatendewa haki kwa sababu hiyo.