Ugonjwa Uliopatikana Kazini Si Siri ya Tajiri

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.



Ijumaa hii tunaleta mbele yenu swali ambalo wengi hawalioni kuwa ni la dini. Mtu akipata ugonjwa wa kuambukiza katika kazi yako, ndani ya shimo lako, ndani ya hospitali yako au ndani ya machinjio yako, habari ya ugonjwa ule ni mali ya nani? Ni yako wewe tajiri, uiweke mfukoni? Au ni amana, na ni lazima uifikishe kwa wakubwa wa afya na wa kazi, hata kama itakuletea hasara?

Sisi tunasema ni amana. Sheria inayomlazimisha tajiri kutoa ripoti haimwonei. Inamdai kitu ambacho hakikuwa chake tangu mwanzo. Tuangalie kwanza yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe, kisha tuzijibu sababu za wale wanaoficha.

YALIYOTOKEA DURBA

Durba iko karibu na Watsa, katika jimbo ambalo leo linaitwa Haut-Uele. Mwisho wa mwaka 1998, wakati wa vita, vijana waliokuwa wakichimba dhahabu pale walianza kufa kwa homa yenye kutoka damu. Ulikuwa ugonjwa wa Marburg. Hadi mwaka 2000 waliougua walikuwa 154, na waliokufa 128. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wachimbaji vijana, na karibu wachimbaji wote waliougua walikuwa wanashuka katika shimo moja, shimo la Goroumbwa, lenye popo wengi.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, ugonjwa haukuwa mgeni. Wenyeji walikwisha kuupa jina la Durba, na wachunguzi walipouliza walikuta dalili zake tangu mwaka 1987. La pili, virusi havikuingia mara moja tu. Maabara ilikuta aina zisizopungua 9 zenye kutofautiana, maana yake vilitoka shimoni mara nyingi, kila mara kwa mtu mwingine. Kijana mmoja alikufa, mwingine akachukua taa yake akashuka.

Habari ilifika mbali mwishoni mwa Aprili 1999, baada ya daktari wa Watsa aliyekuwa anawatibu wagonjwa kuugua na kufa yeye mwenyewe. Na shimo halikufungwa na mtu. Mwaka 2000 lilijaa maji, na ugonjwa ukakoma. Ndugu zangu, maji yalifanya kazi ambayo ilitakiwa kufanywa na ulimi wa mwanadamu.

Kwa nini ulimi ulinyamaza? Kulikuwa na vita, na wachimbaji walifanya kazi bila makaratasi. Lakini kuna sababu iliyo chini ya hizo: hakuna mtu aliyekuwa na wajibu unaojulikana wa kusema. Kila mmoja alijua kipande chake, na hakuna aliyeulizwa.

MFANYAKAZI MGONJWA NI KENGELE

Mtasema hayo ni ya mashimoni. Basi twende Kikwit, mwaka 1995. Ebola ilikuwa inatembea tangu Januari bila kutambuliwa. Mwezi wa Aprili mfanyakazi wa maabara aliugua, akapasuliwa katika hospitali kuu, na waliompasua wakaanza kuugua nao. Ndipo watu wakashtuka, na mwezi wa Mei jina la ugonjwa likajulikana. Wagonjwa wote walikuwa 315, na karibu 80 kati yao walikuwa wafanyakazi wa afya.

Hapa kuna funzo kwa kila mwenye kuajiri. Mfanyakazi anayeugua kwa sababu ya kazi yake ni kengele ya kijiji kizima. Anaonekana wa kwanza kwa kuwa yuko karibu zaidi na hatari. Jioni anarudi nyumbani kwa mke na watoto, anapanda pikipiki na mwenzake, anakaa safu moja nasi hapa msikitini. Ukiiziba kengele hiyo, hujamdhulumu yeye peke yake. Umewadhulumu watu ambao hukuwaajiri na hutawajua kamwe.

Mnakumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) sokoni, alipoingiza mkono katika rundo la nafaka akakuta chini imelowa na juu imewekwa kavu. Alimkemea muuzaji kwa sababu alificha, maana mvua haikuwa kosa lake. Na huyu tajiri wetu hivyo hivyo. Hatumlaumu kwa popo waliomo shimoni wala kwa homa iliyoingia hospitalini. Tunamlaumu kwa kuweka kavu juu ya mbichi.

SABABU ZA WANAOFICHA

Wa kwanza anasema: "Mimi si mwajiri. Hawa wanachimba kwa mgawanyo, sina mkataba nao." Haya ndiyo maneno ya wengi wanaoitwa PDG wa shimo, na ya wafanyabiashara wanaowalipia chakula na vifaa ili wachukue mchanga. Fikihi yetu ina kanuni ya zamani: mwenye kupata faida ya kitu ndiye mwenye kubeba dhamana yake. Kama mfuko wa dhahabu unajua njia ya kufika nyumbani kwako, habari ya mgonjwa nayo inaijua. Huwezi kuwa mwenye shimo siku ya kugawana na kuwa mpita njia siku ya maziko.

Wa pili anasema: "Ni siri ya mgonjwa, na dini inatuamuru kusitiri." Ni kweli, na jambo hili lisichezewe. Lakini kusitiri ni kumfunika mwenzako aibu yake. Hakukuwekwa ili tajiri ajifunike kwa mgongo wa mgonjwa. Ripoti inakwenda kwa mganga mkuu wa zoni ya afya na kwa inspekta wa kazi, wala haiendi sokoni. Jina la mgonjwa halipigiwi ngoma. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inayowalinda wenye virusi vya UKIMWI wasibaguliwe. Kutoa habari na kulinda heshima vinaweza kukaa nyumba moja, kama anayepokea habari ni mwaminifu.

Wa tatu anasema: "Nani anajua kama aliupata kazini? Labda aliupata kwao." Swali hili lina uzito, na ndiyo maana lilifikiriwa. Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo mwaka 2002 kuhusu orodha ya magonjwa ya kazi na namna ya kuyatangaza, na orodha ikatengenezwa upya mwaka 2010. Ndani yake kuna kifua kikuu, homa ya ini ya virusi, pepopunda, kimeta na mengine, kwa wale ambao kazi yao inawaweka karibu nayo. Faida ya orodha ni hii: infirmiye wa wodi ya kifua kikuu akipata kifua kikuu, asiachwe peke yake na kikohozi chake atafute ushahidi. Mwezi wa Juni 2025 huko Geneva mataifa yalipitisha pia mkataba juu ya hatari za vimelea mahali pa kazi. Na wewe tajiri huambiwi utoe hukumu. Unaambiwa utoe habari. Hukumu ina wenyewe.

Wa nne anasema: "Ni kadari ya Mungu." Huyu tunamkumbusha safari ya Sayyidna Umar (r.a.) kwenda Sham, wakati wa tauni ya Amwas, karibu mwaka 639. Alipofika Sargh, majemadari wake walitoka kumlaki, na wao wenyewe wakampa habari kwamba tauni imeingia Sham. Hawakuificha ili safari ya mkubwa isiharibike, na yeye hakuwaadhibu kwa kuleta habari mbaya. Alifanya shauri, akarudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari, alijibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Kisha Abdurrahman bin Awf akaeleza alivyomsikia Mtume (s.a.w.) akikataza kuingia nchi yenye tauni, na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia. Sasa fikirini: mtu ataachaje kuingia mahali penye ugonjwa, ikiwa aliyejua amenyamaza? Amri ile haitekelezeki bila habari.

SABABU ILIYO NGUMU ZAIDI

Wa tano ndiye wa kusikilizwa kwa huruma. Anasema: "Nikisema, watanifungia kazi, na watu wangu watalala njaa." Wakati mwingine mgonjwa mwenyewe anamwomba tajiri anyamaze, kwa maana siku bila kazi ni siku bila chakula.

Tusijifanye kwamba hofu hii ni ya uongo. Mwaka 2005, huko Zobia, tauni ya mapafu iliingia katika machimbo ya almasi yenye watu kama 7,000. Hesabu ya wagonjwa ilifika 130, na waliokufa 57. Wachimbaji wengi walikimbilia porini, na kuwatafuta waliokaa karibu na wagonjwa kukawa kazi ngumu. Mtu haogopi ugonjwa tu. Anaogopa pia kufungiwa mahali pasipo dawa wala chakula.

Kwa hiyo tunasema wazi: kumlazimisha tajiri atoe ripoti ni haki, lakini ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kwamba aliyeugua kwa kazi asifukuzwe kwa ugonjwa wake, atibiwe, na jamaa yake ipate haki yake. Nchi yetu ilikwisha kulikubali jambo hili tangu dekreti ya tarehe 29 Juni 1961 ya usalama wa jamii, iliyohesabu magonjwa ya kazi pamoja na ajali za kazi, na sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ikaendelea nalo. Lakini aliyeandikishwa ndiye anayefikiwa, na wachimbaji na vibarua wengi hawakuandikishwa. Tajiri asiyeandikisha watu wake amekwisha kuanza kuficha kabla mtu hajaugua.

Na wewe mtumishi wa serikali unayesali nasi, neno hili ni lako pia. Ukipokea ripoti ya ugonjwa ukaigeuza kuwa mlango wa kuomba franga, umewafundisha matajiri wote wa mji kunyamaza. Dhambi ya ukimya wao utakuwa na fungu ndani yake.

Lakini baada ya huruma yote, mizani inabaki hivi. Hasara ya kufunga shimo inajulikana, ina mwisho, na watu wanaweza kuichangia. Hasara ya kunyamaza haina mipaka, na anailipa mtu ambaye hakuulizwa. Mwaka 2007, huko Kitaka, Uganda, wachimbaji waliugua Marburg, habari ikatoka, machimbo yakafungwa, na wagonjwa wakawa wachache tu. Linganisheni na 128 wa Durba.

TUFANYE NINI

Kama una watu wanaokufanyia kazi, hata watatu, jua leo jina la kituo cha afya cha kupeleka habari, usingoje siku ya msiba. Wawili wakiugua namna moja, simamisha kazi na utume habari siku ile ile. Usimwambie mgonjwa arudi kwao kijijini kimya kimya, maana umeutuma ugonjwa safari. Na kama wewe ni mfanyakazi na tajiri amenyamaza, nenda mwenyewe kituoni. Kumtii tajiri hakufiki mahali pa kuficha madhara.

Na sisi jamaa wa msikiti tuna fungu letu. Katika makundi 8 ya wenye kustahili zaka yaliyotajwa katika sura ya Tawba, wamo wenye madeni. Ndugu yetu mwenye kazi ndogo akisema kweli, kazi ikafungwa, akazama katika deni na hana cha kulipa, tusimpite njiani kama mjinga. Tukimwacha aanguke, wa pili hatasema.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa Durba, Kikwit na Zobia, awaponye wagonjwa wetu, na atupe ndimi zinazotoa amana kabla maji hayajafunga shimo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.