Kitufe cha Kurudi Nyuma

Kona ya kwanza niliyoikosa ilikuwa nje kidogo ya Guanajuato. Niliingia na mwendo mkubwa, nikachelewa kushika breki, gari likapasua uzio na kujibamiza ukutani. Wapinzani wote wakanipita.

"Kaka, si urudishe nyuma?" mdogo wangu akasema, akinionyesha kitufe kwenye pedi.

Nikabonyeza. Gari likajing'oa ukutani, likaenda kinyumenyume, nikajikuta sekunde chache kabla ya kosa. Safari hii nikawahi breki. Nikamaliza wa kwanza.

Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, sebuleni kwa mama mdogo, Sinza. Gemu yenyewe ni Forza Horizon 5. Ilitoka mwaka 2021, ila wenye PlayStation 5 waliipata Aprili 2025, kwa hiyo pale nyumbani ilikuwa mpya kabisa. Inaanza kwa magari kudondoshwa kutoka kwenye ndege, la kwanza likitua juu ya volkano. Baada ya hapo Mexico yote ni yako: jangwa, msitu, ufukwe, na mahandaki yanayopita chini ya mji wa Guanajuato. Sijawahi kuona vumbi lililochorwa vizuri vile. Nilicheza saa tatu bila kukumbuka chai.

Lakini kuna kitu kilinikwaza. Ukivunja uzio, unapewa alama. Ukipita katikati ya shamba la mtu, hakuna mwenye shamba anayetoka kupiga kelele. Katika saa zote zile sikumwona hata mtu mmoja akivuka barabara.

Mimi namjua mtu aliyekuwa anavuka barabara.

Mwaka 2019, Kihonda, Morogoro, niliazima pikipiki ya rafiki. Simu ikaita mfukoni, nikainamisha macho. Nilipoyainua, mbele yangu kulikuwa na mzee anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa. Mkaa ulitapakaa barabara nzima. Mguu wake ulivunjika mahali pawili.

Kwa miezi mingi nilikuwa nalala nikiirudia ile sekunde moja. Simu inaita, siitazami, mzee anavuka, napita. Nilikitafuta kitufe hiki kabla sijajua kwamba kuna watu wamekitengeneza. Na nilidhani kule kutamani ndiyo toba yenyewe.

Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya pili aliniambia, "Nimekusamehe, kijana. Ila usinikimbie." Nikamwahidi nitakuwa nakuja. Kisha nikapata kazi Dar es Salaam, nikamkimbia.

Mwanafalsafa Bernard Williams, katika insha yake ya mwaka 1976 kuhusu bahati na maadili, anatoa mfano wa dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lolote lake. Sisi tuliosimama pembeni tutamwambia asijilaumu, na tutakuwa sahihi. Lakini dereva anayekubali maneno hayo haraka mno, akaendelea na safari kama sisi watazamaji, tutamtilia shaka. Kuna uchungu unaomhusu yeye peke yake, kwa sababu mkono ulioshika usukani ni wake. Na huyo hakuwa na kosa. Mimi nilikuwa nalo.

Sasa jiulize: kama ningekuwa na kitufe kile siku ile Kihonda, ningebonyeza? Bila kusita. Mguu wa mzee una thamani kuliko somo lolote nililolipata, na anayedai kwamba ajali ilimfundisha utu aende kwanza akamuulize aliyegongwa. Lakini kitufe sina. Na kwa miaka sita nilitumia kile kitamanio kama maficho. Anayeota kurudi nyuma hana haja ya kupanda basi. Katika ndoto yake mguu haujavunjika, hakuna wa kumtembelea.

Hannah Arendt aliandika katika The Human Condition, mwaka 1958, kwamba dawa ya matendo yasiyotenduka ni msamaha. Nimelifikiria hilo kwa jinsi nilivyoishi. Msamaha niliupewa bure, nikauchukua kama risiti ya deni lililokwisha. Kumbe mzee alinipa pamoja na kazi: usinikimbie.

Usiku ule, kabla ya kulala, mdogo wangu aliingia kwenye mashindano ya mtandaoni. Akakosa kona, akarusha pedi kwenye mto.

"Rudisha nyuma," nikamtania.

"Huku haiwezekani, kaka. Hawa ni watu."

Hakujua amesema nini. Ukishindana na kompyuta unaweza kuirudisha saa utakavyo. Wakiwepo watu wengine, wakati si mali yako peke yako. Huwezi kuwavuta nao kinyumenyume eti kwa sababu wewe uliteleza.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku zote nilisikia humo kuchelewa tu: huja baadaye. Lakini mjukuu akishakuja hatupwi. Hulishwa, hubebwa, huamshwa asubuhi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi Mbezi, na sukari kilo tano kwenye mfuko. Nilimkuta amekaa nje, fimbo imeegemea ukuta.

"Shikamoo, mzee."

Alinitazama kwa muda mrefu.

"Marahaba," akasema, akanisogezea kigoda. "Umechelewa."