TAFAKURI YA LEO: SIRI YA MZEE



Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, alikuja kutaka elimu Mtume (s.a.w.) akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Ikashuka Suratu Abasa: asiyeona asiwekwe nyuma.

Leo mzee mwenye macho hafifu anampa mjukuu namba yake ya siri ya pesa za simu, kisa herufi ni ndogo. Tunaita msaada, kumbe sitara yake imeondoka.

Wewe unayetengeneza programu za simu, anza na mzee huyo: herufi zikuzwe, simu isome kwa sauti. Nasi ratiba ya futari tuiandike, tusitume picha tupu.

Jioni hii mkuzie mzazi wako herufi kwenye simu yake. Halafu geuka pembeni, aandike siri yake mwenyewe.

Ramadhani Karim.